Kilomita 850, saa moja na nusu: jinsi ya kusoma muda wa safari ya ndege

Wengi wanaotuuliza umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza wamezoea kilomita za basi: zaidi ya 1,100 kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Angani ni kama 850 tu, kwa kuwa umbali kati ya viwanja viwili hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia.

Ndege ya jeti ikishafika juu huenda kilomita 800 na ushei kwa saa. Ukigawanya, unapata saa moja na dakika chache. Mbona basi ratiba huandika karibu saa moja na nusu? Ni kwa sababu saa ya ratiba huanza kuhesabu ndege inapoachia maegesho, na huacha inapoegeshwa upande wa pili. Humo ndani mna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mwongoza ndege, kupaa, na pengine kuzunguka ili ndege itue ikiukabili upepo. Tena chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida hauzidi kama kilomita 460 kwa saa. Ndege ya pangaboi kama Dash 8-Q400 huchukua muda zaidi, maana hata ikiwa juu huenda kama kilomita 650 kwa saa. Kwa hiyo ukiona safari mbili za njia moja zinapishana muda, tazama kwanza aina ya ndege.

Kwenye safari ndefu ndipo watu hupotea kabisa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huondoka karibu na usiku wa manane na kufika asubuhi. Anayetoa saa za kuondoka kwenye saa za kufika hupata kama saa 7, na kweli tumeulizwa ni ndege gani hiyo yenye kasi namna hiyo. Safari yenyewe ni kama saa 15. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo, na New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, au 7 kuanzia Machi hadi Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele.

Kurudi ni kama saa 14, ingawa kilomita ni zilezile, takriban 11,800. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Kwa hiyo ndugu anayekuja kukupokea usimtajie saa 15 ajipigie hesabu mwenyewe. Mtumie tarehe na saa ya kufika kama zilivyo kwenye tiketi, pamoja na namba ya ndege.