Giaboksi ikihamia nyuma, piga hesabu kwanza

Wanaoniletea magari ya michezo yenye injini mbele huwa wameshakariri namba moja: hamsini kwa hamsini. Wanataka giaboksi ing'olewe mgongoni mwa injini ikafungwe pamoja na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ili uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma. Mimi huwapa kalamu kwanza. Kazi hii huanzia kwenye karatasi, na mara nyingi huishia hapohapo.

Tuchukue gari la kilo 1,200, lenye mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na asilimia 55 ya uzito, yaani kilo 660, imelalia mbele. Kanuni yenyewe ni rahisi: zidisha uzito wa kifaa kwa umbali unaokisogeza, kisha gawanya kwa umbali wa kati ya ekseli. Giaboksi ya kilo 45 ikirudi nyuma mita 1.6, ekseli ya mbele inapungukiwa kilo 29 hivi na kubaki na asilimia 52.6. Sasa chukua betri ya kilo 18, itoe puani uiweke kwenye buti, mita 2.8 nyuma. Hiyo peke yake inahamisha kilo 20. Unahitaji waya mnene, fyuzi karibu na betri, na siku moja ya kazi. Giaboksi itakula miezi.

Hapo wengi hufunga daftari, na sioni kosa lao.

Lakini hesabu hiyo ni nusu ya habari. Mfikirie mtu aliyebeba mzega, ndoo mbili za maji kwenye ncha za mti. Mzigo umekaa sawa kabisa begani. Mwambie ageuke ghafla: ndoo zinakataa kuanza kuzunguka, na zikishaanza zinakataa kusimama. Angezisogeza karibu na bega, mizani ingekuwa ileile ila angegeuka kwa wepesi. Gari nalo liko hivyo kwenye kona. Ukinzani wa kuzunguka hukua kwa kipeo cha pili cha umbali kutoka kitovu cha uzito. Giaboksi yetu ilikuwa sentimita 40 tu kutoka kitovu. Huko nyuma iko mita 1.2. Umbali umezidi mara tatu, ukinzani wake umezidi mara tisa. Umepata mgawanyo mzuri, na umejinunulia mzega.

Faida ninayoipenda mimi ni pale giaboksi ilipokuwa. Injini haina tena kitu kirefu cha kuiburuta mgongoni, hivyo ukikubali kukata na kujenga upya ukuta wa kati ya injini na abiria, unaweza kuirudisha nyuma ya ekseli ya mbele. Injini ya kilo 150 ikirudi sentimita 15 inahamisha kilo 9 tu, namba ya kudharauliwa. Ila sasa mzigo mzito kuliko wote umesogea kuelekea katikati, na kwa gari hili hatua hiyo hufuta sehemu kubwa ya ukinzani ulioongezwa na giaboksi. Jumlisha giaboksi, injini na betri: kilo 58 zimetoka mbele, na unabaki na asilimia 50.2. Kwa hiyo anayehamisha giaboksi na kuiacha injini palepale amelipia karamu akaondoka kabla ya chakula.

Wazo si geni. Lancia Aurelia ya mwaka 1950 ilikuwa na klachi, giaboksi na difu zote nyuma. Alfa Romeo Alfetta ikafuata mwaka 1972, Porsche 924 na 928 baadaye muongo huohuo, na Chevrolet Corvette ikaingia kundini na toleo la C5 la mwaka 1997. Tofauti yao na sisi ni kwamba bodi zao zilichorwa hivyo tangu mwanzo.

Kilichonifunza adabu ni shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye mpangilio wa kawaida, shafti hupokea nguvu baada ya giaboksi: gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 3.5, nguvu ya kuzungusha imeshazidishwa mara 3.5 lakini mizunguko imepungua kwa kiasi hichohicho. Ukihamisha giaboksi, shafti inabeba nguvu ndogo ila inazunguka kwa kasi ya injini katika kila gia, kuanzia ya kwanza. Tena imerefuka. Gari langu la kwanza la namna hii nililifungia shafti ya mita 1.7 mahali pa ile ya mita 1.2, kwa bomba la kipenyo kilekile. Kasi ambayo shafti huanza kupinda na kutetemeka hushuka kwa kipeo cha pili cha urefu, kwa hiyo niliipunguza kwa nusu bila kujua. Kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika gari zima lilitetemeka, vioo vikawa havioni kitu. Dawa yake ni shafti nyembamba ndani ya bomba gumu lililofungwa injini upande mmoja na giaboksi upande wa pili, na beringi za kuishika njiani.

Klachi nayo ina mjadala wake. Ukiiacha mbele, shafti yote inaning'inia kwenye upande wa kuingilia giaboksi, na sinkronaiza, yaani pete zinazosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana, zinalazimika kuipunguza kasi kila unapobadili gia. Ukiipeleka nyuma, kama Alfetta, gia zinaingia kwa raha lakini shafti haipumziki injini ikiwa inawaka. Mimi huiacha mbele na kutumia shafti nyepesi.

Jambo dogo linaloumiza: ukinunua giaboksi ya gari lenye injini nyuma kisha ukaigeuza itazame mbele, gurudumu la meno la difu lazima lihamie upande wa pili. Usipofanya hivyo utakuwa na gia nyingi za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Baada ya yote, pima upya kwa mizani minne, mmoja chini ya kila tairi, dereva akiwa kitini na tangi likiwa nusu. Springi za nyuma zilizochaguliwa kwa kilo 540 sasa zinabeba karibu 600, na breki za nyuma zinaweza kupewa kazi zaidi. Rekebisha vali inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma kidogo kidogo, kisha lijaribu gari kwenye uwanja mtupu, tairi zikiwa zimepata joto.