Mvulana anayerudi nyuma shuleni, na habari za wajomba zake

Nikiletewa kliniki hapa Mbeya mvulana wa miaka saba au minane aliyekuwa akifanya vizuri shuleni na sasa anarudi nyuma, mapema kabisa humuuliza mama yake: kaka zako wako wapi? Mara nyingi jibu halinisaidii. Lakini akisema, "Walikuwa wawili, daktari, walifariki wadogo, wakasema ni degedege," namtazama mtoto upya.

Ugonjwa ninaoufikiria ni adrenolukodistrofi, kwa kifupi ALD. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni la ABCD1, lililogunduliwa mwaka 1993 na linalokaa kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huirithi kwa mama yake; ndiyo maana nauliza habari za wajomba. Jeni hilo likiharibika, mafuta ya aina fulani, yenye minyororo mirefu mno, hayavunjwi. Yanalundikana kwenye damu, kwenye ubongo na kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Ndani ya ubongo huharibika sehemu nyeupe, yaani nyuzi za neva zilizovikwa myelini kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki.

Si kila mvulana mwenye jeni hili lenye hitilafu hushambuliwa ubongo utotoni. Kwa wanaoshambuliwa, huanza kati ya miaka 4 na 10, mara nyingi kwa nyuma, panapohusika na kuona. Macho yakipimwa ni mazima, na mwalimu bado analalamika. Mama mmoja alinifungulia daftari la hesabu: kurasa za mwanzo tarakimu zimekaa kwenye mistari, katikati zinapanda na kushuka, mwishoni nusu ya ukurasa imeachwa tupu. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Uzembe." Mtoto hakuwa akiiona nusu ile.

Tezi za adrenali mara nyingi hutangulia kushindwa. Mtoto anachoka, anatapika, sukari na sodiamu vinashuka, anatibiwa malaria, kisha taifodi. Weusi unaoongezeka kwenye ngozi yetu haumshtui mtu, kwa hiyo naangalia fizi, mikunjo ya viganja na makovu. Upande huu una dawa: haidrokotisoni, ambayo kwa sindano tunaitumia hata kwa pumu. Mtoto kufa kwa kuikosa, ubongo wake ukiwa bado mzima, ndilo jambo linaloniuma kuliko yote katika ugonjwa huu.

Kwa ubongo, upandikizaji wa uboho unaweza kusimamisha uharibifu, lakini ukiwahi, dalili zikiwa hazijaanza au zikiwa ndogo sana. Kwa yule aliyekwisha kupoteza lugha na miguu, tunabaki kumtunza: kumlisha salama, kumpunguzia maumivu na mkakamao.

Akina mama huogopa kurudi kwa wakwe na habari hii. Namwomba baba aje, nimweleze mbele ya mkewe kwamba jeni hili hurithiwa bila mtu kujua, na kwamba halikuletwa na laana wala kosa lolote la wakati wa ujauzito.

Kisha nawaomba wamlete mdogo wa kiume wa mgonjwa, hata kama anacheza mpira siku nzima. Kila mtoto wa kiume wa mama mwenye jeni hili ana uwezekano wa asilimia 50 wa kulirithi, na damu yake ikithibitisha, anahitaji picha ya ubongo ya MRI kila miezi 6 kuanzia miaka 3 hadi 12, na tezi zake zipimwe pia. Waje pia wavulana wa mama mkubwa na wa mama mdogo.