Injini ya Pijo 504 ikifumuliwa: kipi kirudi, kipi kitupwe

Mwenye gari akiniletea Pijo 504 inayokula oili, huwa ananiuliza kabla hata bonti haijafunguliwa: "Fundi, itanitoka pesa ngapi?" Simjibu mpaka nifumue. Bei ya ovahoo, yaani kufumua injini na kuijenga upya, inategemea yale nitakayoamua yarudi ndani na yale yatakayobaki mezani, na kwa gari la umri huu uamuzi wenyewe si mwepesi. Saluni ya 504 Ufaransa waliacha kuiunda mwaka 1983, ingawa pikapu zake ziliendelea kuunganishwa huku kwetu Kenya miaka mingi baadaye. Spea mpya zipo. Shida ni kwamba mara nyingi boksi ndilo jipya, na chuma kilichomo ni duni kuliko kile cha zamani nilichokitoa kwa mkono wangu.

Kwa hiyo sianzi na bei. Kila kipuri nakiuliza maswali mawili: je, naweza kukipima nikajua hali yake? Na kikifa, kitaondoka na nini?

Swali la pili ndilo linalomaliza ubishi juu ya vitu vidogo. Sili ya nyuma ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni ya bei ya chakula cha mchana, lakini ikivuja lazima giaboksi ishuke tena. Gasketi, sili, beringi za kranki na za konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki), bonti za konrodi, vizibo vya maji vya bloku (mwili wa injini): hivyo vyote ni vipya, hata kama vya zamani vinaonekana vizima. Mteja asiyetaka kulipia hivyo namwambia aendelee kuongeza oili, itamtoka pesa pungufu.

Sasa laina, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo ndizo hasa utamu wa injini hii. XN1, injini ninayoizungumzia hapa, ni ya cc 1971, silinda nne, kipenyo 88 mm na mwendo wa pistoni 81 mm. Bloku ni chuma cha kusubu, hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) ni aluminiamu, na silinda zenyewe ni laina zinazochomoka, maji yakizizunguka kwa nje. Hakuna kuchonga bloku. Laina na pistoni huuzwa kwa seti. Ndiyo maana mafundi wengi wakiona moshi wa buluu wanaagiza seti nzima bila kupima. Lakini ikiwa seti iliyomo ni ile ya kiwandani na haijalika sana, mimi siitoi nikaweka nisiyoijua.

Hedi ikishatoka, jambo la kwanza ni kuzikaba laina kwa vipande vya chuma na bonti kabla kranki haijazungushwa hata kidogo. Pistoni ikipanda inainua laina, sili ya chini inaachia, na hapo umeshaamua kuzing'oa bila kupenda.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Chukua ringi mpya ya juu ya pistoni, iingize peke yake ndani ya laina, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Ishushe mpaka chini kabisa, mahali ambapo ringi hazisugui, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya). Kisha ipandishe mpaka chini kidogo ya ile ngazi iliyoachwa na ringi za zamani, upime tena. Tuseme chini umepata 0.35 mm na juu 0.75. Tofauti ni 0.40. Igawe kwa 3.14, unapata karibu 0.13 mm, na hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka juu kuliko chini. Laina hiyo imekwisha. Ringi mpya zitatulia wiki chache kisha moshi urudi. Ikiwa jibu ni 0.05 au chini yake, naisugua kwa honi (mawe ya kukwaruza ndani ya silinda), naitia ringi mpya, inarudi kazini. Katikati ya hapo namuuliza mwenyewe gari lafanya kazi gani. La kwenda msikitini na sokoni si sawa na linalobeba mchanga.

Halafu igeuze laina uitazame mgongo. Pwani wengi hutia maji ya kisima kwenye rejeta, nayo yana chumvi. Unaweza kukuta ndani kunang'aa na nje kuna vitobo kama vya jino lililooza. Hiyo haina mjadala, itupwe, kwa sababu kitobo kikifika ndani maji yanaingia kwenye oili na kuondoka na beringi zote.

Zinazorudi, kila laina irudi na pistoni yake. Pistoni nayo ina kipimo chake: ringi mpya ikiwa kwenye mfereji wa juu, fila geji ya 0.15 mm isipite. Ikipita, mfereji umetanuka na ringi itacheza mpaka ivunjike.

Kranki ya XN1 hukaa juu ya beringi kuu tano. Naipima kwa maikromita kila shingo (mahali pa kukalia beringi), pande mbili, ncha mbili. Nikipata tofauti ya zaidi ya 0.02 mm, au ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo, inaenda kuchongwa. Beringi kuukuu sizitupi kabla sijazisoma. Zikilika sawasawa, vizuri. Ikiwa ya juu imelika ukingo mmoja na ya chini imelika ukingo wa pili, konrodi imepinda, na kuirudisha hivyo ni kuziua beringi mpya mapema.

Kamshafti (shafti inayofungua valvu) na tapeti (vijiti vifupi vinavyosukumwa na meno yake) ni ndoa. Uso wa tapeti nzima una mbinuko mdogo sana. Chukua mbili, weka uso wa moja juu ya ubavu wa nyingine, elekeza kwenye mwanga: ukiona mwanga ukipenya kwenye kingo, bado ni nzima. Mwanga ukipenya katikati, imechimbika na haifai. Na kwa kuwa ni ndoa, tapeti hupangwa kwenye ubao wenye namba tangu zinapotoka, kila moja irudi kwenye jino lake la kam. Kam mpya haiwekewi tapeti za zamani kamwe, italiwa kabla ya service ya kwanza.

Kwenye hedi naangalia kwanza matundu ya maji. Aluminiamu ikiliwa na kutu mpaka karibu na duara la silinda, gasketi haina pa kukaa. Naweka rula ya chuma ya karakana, na ikiwa fila geji ya 0.05 mm inapita, hedi inapigwa skimu (inakwanguliwa uso mpaka unyooke), mradi haijapunguzwa sana na waliotangulia. Nyufa nazitafuta kwa mafuta ya taa: paka kati ya viti vya valvu na penye plagi, subiri, futa pakauke kabisa, kisha pakaze unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe. Sumaku haisaidii hapa, aluminiamu haishiki. Valvu za kuingiza hewa mara nyingi hurudi. Za moshi zikibaki na ukingo mwembamba kuliko milimita 1 zitaungua. Springi zote za valvu nazisimamisha kwa mstari, na ile fupi inajionyesha.

Cheni ya taimingi nabadilisha, pamoja na giya zake kama meno yamepinda. Pampu ya oili ya kiwandani ikiwa haina mikwaruzo naiosha na kuirudisha, na ninaiamini kuliko nyingi za dukani.

Vilivyokataliwa namkabidhi mwenye gari, lakini navipiga kwanza: laina mstari wa grainda, pistoni nyundo, valvu napinda shina. Valvu iliyochoka ikipigwa brashi ya waya hung'aa, na wapo wanaookota chuma chakavu, wakakisafisha na kukirudisha sokoni kwenye karatasi ya nailoni.