Kuandaa picha na filamu za familia kabla ya kuzituma zinakiliwe kidijitali

Picha ya zamani haiumii njiani tu. Mara nyingi huumia nyumbani, mikononi mwa mtu anayeipenda: anaipangusa kwa kitambaa kibichi, anaibandua kwa nguvu kwenye albamu, au anajaribu mkanda kwenye deki lililolala miaka bila kuwashwa. Urekebishaji mwachie fundi mwenye vifaa. Yako ni kujua ulicho nacho, kukiandika na kukifunga vizuri.

Anza na negativu, yaani vipande vya filamu vyenye picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa. Kama bado zipo kwenye bahasha ya studio, tuma hizo badala ya picha ya karatasi iliyotokana nazo, kwa kuwa negativu hubeba maelezo mengi zaidi, hasa kwenye mwanga mkali na kwenye vivuli. Usizikate vipande vidogo ili zienee kwenye boksi. Kipande chenye picha moja ni kigumu kukishika kwenye skana. Zishike kwa kingo. Vumbi liondoe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana tone la mate huacha doa. Maji, spiriti na dawa ya vioo visikaribie picha.

Ondoa klipu, pini za stepla na raba bendi. Raba ni mbaya kuliko inavyoonekana: ikizeeka hunata, na salfa iliyomo hushambulia chembe za madini ya fedha zinazounda picha nyeusi na nyeupe.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake zitume nzima, kwani picha zinaweza kuskaniwa zikiwa ukurasani. Kama ni lazima uitoe picha, pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kona moja, kisha uvute kushoto na kulia taratibu kama msumeno, uzi ukibaki sambamba na ukurasa. Picha ikianza kujikunja, acha. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiiguse kabisa. Iskaniwe hivyo hivyo na kioo chake, kwa sababu ukiivuta, karatasi itakuja mkononi na sura ya mtu itabaki kwenye kioo.

Sasa majina. Picha isiyo na jina, hata ikinakiliwa vizuri namna gani, kizazi kijacho kitaitazama bila kujua ni nani. Laza picha kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi, uandike kwa penseli laini ya 2B, kidogo kidogo, pembeni mwa mgongo. Kalamu ya wino hukandamiza karatasi hadi maandishi yajitokeze usoni mwa picha, na wino huhamia kwenye picha inayofuata. Picha nyingi za rangi zilizochapishwa kuanzia miaka ya 1970 zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo ziweke kwenye bahasha ya karatasi, na uandike kwenye bahasha kabla hujazitia ndani. Kila fungu lipe namba, kila kitu ndani yake namba yake, kwa mfano 3-014, kisha uandike orodha: namba, nani, wapi, mwaka hata wa kukisia. Piga kila kitu picha kwa simu. Siku kifurushi kikichelewa au kikirudi pungufu, orodha hiyo ndiyo ushahidi wako.

Filamu za sinema za nyumbani huhitaji kupimwa upana. Za milimita 8 zipo za aina mbili, na tofauti iko kwenye matundu ya pembeni: ya Super 8, iliyoanza 1965, ni madogo na hukaa katikati ya urefu wa kila picha, ya aina ya awali ni makubwa zaidi na hukaa kwenye mstari unaotenganisha picha. Pima pia rili, yaani gurudumu ambalo filamu imezungushwa. Yenye kipenyo cha sentimita 7.6 hubeba futi 50, yaani mita 15, ambazo ni dakika tatu hadi nne hivi. Gharama mara nyingi huhesabiwa kwa urefu, kwa hiyo vipimo hivi vitakusaidia kukadiria.

Usiipitishe filamu kwenye projekta ya zamani "kuona tu kuna nini." Filamu ikisinyaa, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na meno huyapasua moja baada ya jingine. Inusie. Harufu ya siki ni dalili kwamba asetati, plastiki iliyotengenezewa filamu hiyo, imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu za jirani. Ifunge kwa karatasi, usiizibe kwenye plastiki, iweke kwenye boksi lake peke yake na uwaarifu wanaopokea. Filamu ya milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950 usiitie posta kabisa mpaka mtaalamu aithibitishe: inaweza kuwa ya nitreti, aina ya plastiki ya zamani ambayo hushika moto kwa urahisi na kuuzima ni vigumu mno. Filamu iliyopigwa lakini haikuwahi kusafishwa studio iandikwe wazi juu ya boksi, kwani mionzi ya kukagulia mizigo inaweza kuiharibu. Iliyokwisha kusafishwa haina wasiwasi huo, wala mikanda ya video.

Kwa kaseti za VHS, vunja kile kidude cha plastiki kilicho kwenye ukingo wa nyuma ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kaseti ndogo za kamera za video mara nyingi zina kitufe cha kusogeza badala yake. Ukiona unga mweupe kwenye mkanda kupitia dirisha la kaseti, ni ukungu: usiicheze, kwani utaenea ndani ya deki na kwenye kaseti nyingine.

Kufunga sasa. Picha zikae kati ya kadibodi mbili zinazozidi ukubwa wake kwa sentimita mbili kila upande, kisha ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Slaidi, zile picha za filamu zenye fremu ndogo, zisimame wima, zikibanana. Vyote vitie kwenye boksi. Boksi hilo liingie ndani ya jingine, na kati yake kuwe na sentimita 5 za plastiki yenye viputo pande zote sita. Magazeti hayafai kugusa picha, maana wino wake huhama. Tikisa: ukisikia kitu kinacheza, ongeza. Weka anwani yako na nakala ya orodha ndani pia, kwa kuwa lebo ya nje hubanduka. Negativu za kioo peleka kwa mkono.

Usitume kila kitu kwa mara moja. Tuma fungu moja, lenye namba ya kufuatilia, mwanzoni mwa wiki ili lisikae bohari lenye joto mwishoni mwa juma. Omba picha za karatasi ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) na negativu za milimita 35 kwa dpi 3000 au zaidi, faili kuu ziwe TIFF, aina kubwa isiyopunguza ubora, na nakala za kutazama ziwe JPEG, aina nyepesi. Kifurushi kikirudi kikiwa na ubaridi, kiache saa kadhaa kabla ya kukifungua, la sivyo matone ya unyevu yatajikusanya juu ya filamu. Hesabu kwa orodha, fungua kila faili, nakili kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Ndipo utume fungu la pili. Za asili zirudishe kwenye bahasha zake, mahali pakavu pasipo joto, wala usizitupe.