Kabla ya kupanda miti ya asili kwenye shamba la zamani la iliki

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu kurudisha msitu kwenye mashamba yaliyoachwa katika Usambara Mashariki huanza na habari ya miche: apande mti gani, na atafute miche mingapi. Mimi humuuliza kwanza shamba lililimwa nini, kwa muda gani, na msitu wenyewe uko umbali gani kutoka hapo, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kuna haja ya kupanda chochote.

Iliki hulimwa kivulini. Mkulima hufyeka mimea ya chini na kupunguza miti, akibakiza ile mikubwa kama mtambara, mnyasa na muula. Baada ya miaka kadhaa mavuno yakishuka, miti iliyobaki nayo huangushwa, na mahali pake huingia mahindi, mihogo au miwa. Shamba lililoachwa likiwa bado na iliki lina miti mama inayodondosha mbegu, na mara nyingi linahitaji tu kulindwa dhidi ya moto na kupunguziwa iliki ili miche inayojiotea ipate nafasi. Katika ushoroba wa Derema, ambako wakulima walilipwa fidia ya mazao yao ili vipande vya msitu viungane, ardhi nyingi ilikuwa ya aina hii. Shamba lililopitia mahindi ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa udongo wa milima hii una tindikali na rutuba yake imo karibu yote katika tabaka la juu, ambalo mvua hulichukua mara tu kivuli kinapoondoka.

Hata hapo, jembe lisubiri. Tembea shamba zima, uweke alama kwenye kila kisiki chenye chipukizi. Wenzetu wa Dodoma wanaiita kazi hii kisiki hai, na haina sababu ya kubaki kwenye maeneo yenye ukame peke yake. Kwenye miinuko, mkulo huchipua kutoka kwenye mizizi yake, hatua kadhaa mbali na kisiki chenyewe, na maotea hayo huwa na nguvu ambayo mche wa kiriba hauwezi kushindana nayo, maana yanalishwa na mizizi ya mti mzima. Ukichagua machache yaliyonyooka na kuondoa mengine, umeokoa pia usumbufu wa kutafuta mbegu za mkulo, ambazo hushambuliwa sana na wadudu na hazihifadhiki.

Adui mkubwa wa shamba la wazi ni nyasi ya motomoto. Mashina yake hutambaa chini ya udongo, hivyo moto huunguza majani tu, na jembe hukata mashina hayo vipande ambavyo navyo huchipua. Kinachoishinda ni kivuli. Ndiyo maana miti ya kuanzia ninayoipendekeza si ya mbao bali ni ile inayokua haraka na kutandaza matawi, kama mkumba, msinduzi na mshai, ikichanganywa na mikuyu ambayo matunda yake huita ndege na popo. Utaratibu wa namna hii ulibuniwa Queensland, Australia, katika miaka ya 1980 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Thailand: miche ya aina nyingi hupandwa kwa nafasi ya takriban mita 1.8, yaani kama miche 3,100 kwa hekta, ili matawi ya juu yakutane mapema, kisha wanyama walete aina nyingine kutoka msituni. Pale ambapo Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko ng'ambo ya bonde tu, wanyama hao wapo.

Wapo, lakini hawachagui. Ndege kama hondohondo humeza pia matunda ya musizi, mti wa asili wa Uganda na Kagera ambao huku Usambara uliletwa, ukasambaa hasa pale uvunaji wa magogo ulipofungua msitu. Unakua haraka kweli, na wapo wanaoupanda kwa hoja hiyo. Mimi siukubali kwenye kazi ya kurudisha msitu. Palipo na musizi mikubwa, nashauri ichunwe gome kuzunguka shina michache kwa wakati, kwani ukiiangusha yote kwa pamoja, jua linaloingia huotesha musizi mpya.

Mvule, ambao kila mtu anautaka, nauweka baadaye. Ukipandwa peke yake kwenye jua kali, ncha za chipukizi huvimba vivimbe vya kijani; ukikipasua kimoja unakuta ndani kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, na siku chache baadaye kivimbe huoza na ncha hufa, hadi mche unabaki kama kichaka. Kuupanda uliotawanyika, chini ya kivuli chepesi cha mshai, hupunguza mashambulizi ingawa hakuyamalizi. Msambu nao unataka subira ya kitaluni, kwani mbegu yake inaweza kukaa miezi mingi kabla ya kuota.

Kazi inayobaki ni palizi, na ndiyo ghali kuliko zote. Katika misimu ya mvua ya miaka 2 ya mwanzo, kila mche ufyekewe kuuzunguka na uwekewe matandazo ya nyasi hizohizo zilizokatwa, yakiachwa mbali kidogo na shina ili mchwa na uozo visilifikie. Barabara za kuzuia moto nazo zisafishwe kabla ya kiangazi. Bajeti ninayoletewa ikiwa na fedha za miche na za siku ya kupanda peke yake huirudisha kwa mwenyewe, apunguze eneo hadi fedha za palizi zipatikane humohumo.