Filigri nyumbani: moto baadaye, waya kwanza

Wanaotaka kuanza filigri nyumbani, yaani mapambo ya nyuzi nyembamba za fedha zilizosokotwa na kukunjwa, karibu wote swali lao la kwanza ni tochi, ninunue ya aina gani, gesi ipi, na mi huwa nawaambia tochi tuiache kwanza, maana pambo la filigri linaharibikia mezani kwenye koleo na kibano, moto unakuja kuumbua tu.

Tuanze na waya. Ile nakshi kama kamba unayoiona kwenye hereni haijachongwa, ni nyuzi mbili zimesokotwa pamoja halafu zikabanwa bapa. Chukua waya wa kama milimita 0.3, ukunje katikati, ncha mbili zibane kwenye jiliwa, mkunjo uutie kwenye ndoano iliyofungwa kwenye drili, endesha taratibu huku umevuta kidogo. Ukianza kuwa mgumu usilazimishe, utakatika, upashe moto mpaka uwe na wekundu hafifu kabisa kisha uache upoe ndo uendelee kusokota. Ukishakaza upitishe kwenye mashine ya rola, kama huna basi gongagonga kwa nyundo juu ya chuma kilichonyooka, mkono mwepesi. Bapa hilo hulilazi, unalisimamisha kwa ubavu, kwa hiyo juu unaonekana ukingo wenye vinundu vidogo vidogo vya msokoto, na ndo vinavyomeremeta.

Waya wa nakshi ya ndani mi natumia fedha safi, ya 999 (sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha), inayeyuka kwenye nyuzi 961 za Selsiasi. Fedha ya 925 ina shaba ndani yake, inayeyuka mapema zaidi na ikipigwa moto inaweka weusi, hiyo nabakiza kwa fremu, ule waya mnene wa nje unaozunguka pambo. Kama ndo unajifunza chuna waya wa umeme utumie shaba yake, inakunjika vizuri tu na haikuumi mfukoni.

Fremu iwe nene, milimita 0.8 mpaka 1, uifunge kwanza kwa lehemu ngumu, ile ya fedha inayoyeyuka kwa moto mkali. Halafu kunja ule waya bapa uwe vizingo, vya duara, vya tone, vyovyote, uvipachike ndani kimoja kimoja vikibanana. Kipimo changu hapa ni rahisi: shika fremu kwa kibano uinyanyue juu ya meza, kizingo kikidondoka bado hujamaliza. Lehemu inakimbilia pale metali zinapogusana, pengo haizibi hata ukiirundika, na hapo ndo wengi wanakosea wanaongeza lehemu badala ya kurudi kwenye koleo, mwisho msokoto wote unafukiwa pambo linakuwa kama limemwagiwa uji.

Sasa moto. Lehemu ya fedha isage kwa tupa iwe unga, changanya na unga wa boraksi (chumvi inayosaidia lehemu kutiririka), lowanisha pambo kwa maji ya boraksi unyunyize kidogo sana, kama unatia chumvi kwenye yai. (Ile lehemu laini ya mafundi redio yenye risasi usiisogeze kabisa, ikipata moto mkali inaitafuna fedha matundu matundu.) Weka pambo juu ya wavu, pasha polepole kwanza maana boraksi ikikauka inavimba na inaweza kunyanyua vizingo, vikinyanyuka virudishe kwa sindano. Kisha peleka moto kutokea chini huku unauzungusha, fremu ipate joto la kutosha, kwa sababu ni nene inachelewa kuiva wakati nyuzi za ndani ziko tayari kuyeyuka. Angalia boraksi: inavimba nyeupe, inalala, inakuwa kama kioo, halafu ghafla mng'ao unakimbia kwenye maungio yote. Toa moto hapo hapo, usingoje kuhakikisha, ukingoja vizingo vinajikunja kuwa shanga.

Likipoa litumbukize kwenye maji ya moto yenye asidi ya sitriki mpaka boraksi iishe, ulitoe kwa kibano cha shaba au plastiki, cha chuma kinasababisha fedha kupata rangi ya shaba. Madirisha wazi muda wote, miwani usoni. Kung'arisha ni burashi ya nyuzi za shaba nyeupe na maji ya sabuni, kwa mkono. Mota ya kupolishi iache kabisa, inanasa waya na kukunyang'anya pambo vidoleni.