Mama, mtoto ana kilo ngapi?

Baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya ikishakolea, foleni ya watoto wenye mafua na kikohozi inafika mpaka nje, kila mmoja yuko mgongoni kafunikwa mablanketi mawili, halafu mimi swali langu la kwanza ni mvue tumpime kilo. Akina mama wananichukia hapo. "Dokta baridi yote hii, mi nataka dawa, mizani ya nini tena?"

Ya dozi, mama. Dozi ya mtoto inafuata kilo, sio miezi. Juzi kaja mama mmoja wa Uyole na mtoto wa miezi 11, huko alikopitia kaambiwa ampe paracetamol ya maji kijiko kimoja kutwa mara tatu. Kijiko kipi? Akatoa kwenye pochi kile cha kulia wali, nikakijaza maji nikayavuta kwa bomba la sindano: ml 12! Mtoto mwenyewe kilo 6.5. Hesabu yake ni mg 15 kwa kila kilo, kama mg 97 hivi, na ile dawa ina mg 120 kwenye ml 5, kwa hiyo ml 4 zinamtosha, arudie baada ya masaa 6 kama homa bado ipo, isizidi mara nne kwa siku. Yeye alikuwa anamimina mara tatu ya hapo, bahati alikuwa kampa mara moja tu. Paracetamol ikizidi inaharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza kama kawaida. Za matone ndo balaa zaidi, kuna chupa zina mg 100 kwenye ml 1.

Kikohozi nacho. Nakiri, mwaka wangu wa kwanza kazini kila aliyekohoa nilimwandikia amoksilini, maana mama akiondoka mikono mitupu anaona hajatibiwa. Siku hizi naweka simu mezani nahesabu pumzi dakika nzima, mtoto katulia (akilia hesabu ni bure). Miezi 2 mpaka 11 zikifika 50, au mwaka 1 mpaka 5 zikifika 40, hapo ndo nawaza nimonia, na natoa vile vidonge vya amoksilini vya kuyeyuka vya mg 250 asubuhi na jioni siku 5: chini ya kilo 10 kimoja, kilo 10 mpaka 13 viwili. Hanyonyi, anatapika kila kitu, kalegea au kapata degedege, huyo ni wa kulazwa. Hana yote hayo? Mara nyingi ni mafua ya virusi hayo, anyonye na pua isafishwe. Aspirini na dawa za kikohozi zenye kodeini usimpe mtoto, hata kama zilimsaidia baba yake.

Kuharisha ni ORS na zinki siku 10 mpaka 14, kama hakuna damu flajili ya nini jamani? Na homa ipimwe, huku juu malaria sio nyingi ila mtoto aliyetoka kwa bibi yake Kyela, kule chini kwenye joto na mbu, ni habari nyingine, apimwe kwanza ndo apewe mseto.

Yule mama nilimpa bomba lisilo na sindano, nikachora mstari wa kalamu kwenye ml 4. Akakiangalia kijiko chake, "Sasa dokta, na hiki?" Nikamwambia hicho endelea kulia wali.